Daftari la Waliopo

Saa kumi alasiri, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, Mama Povu alikuwa ameinamia beseni nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, anasugua jezi namba nne. Beki aliyeivaa alikuwa mtu wa kuteleza, na kila alipoteleza aliondoka na kipande cha uwanja. Tope kwenye kiwiko, majani mgongoni. Mama Povu alipaka sabuni ya mche, akasugua kitambaa kwa kitambaa, huku ametega sikio, maana ng'ambo ya ukuta Katibu wa klabu alikuwa ameanza kuita majina.

"Mwanachama namba moja!"

"Nipo," akajibu mwanachama namba moja, aliyefariki kwa ugonjwa wa moyo miaka thelathini na minne iliyopita.

"Namba mbili!"

"Nipo," akajibu namba mbili, aliyezikwa mwaka uliofuata.

Jambo lenyewe lilikuwa la kikatiba. Waanzilishi walipoandika katiba ya klabu, miaka themanini nyuma, kwa wino wa kuchovya na hasira nyingi, waliandika kwamba uanachama utakoma kwa sababu moja tu, nayo ni mtu kuonekana akishangilia timu nyingine. Kifo hawakukiandika. Pengine walikuwa vijana bado. Kwa hiyo hakuna katibu aliyewahi kuthubutu kufuta jina la marehemu, na kila jina lilipoitwa, mwenyewe aliitika, kwa kuwa alikuwa amekaa pale kwenye mbao za jukwaa la mashariki, amevaa suti ileile ya kwenye picha ya ofisini. Mkutano ulipofungwa walitoweka mmoja mmoja, kama mvuke wa chai. Walikuwa mia moja na tisa. Wanachama hai walikuwa arobaini, na waliohudhuria hawakuzidi kumi na wawili, maana siku hizi watu wana shughuli.

Mama Povu alikuwa akisubiri jina moja tu, la mume wake.

Mume wake, ambaye uwanja mzima ulimwita Fundi Mstari, alichora mistari ya uwanja ule kwa chokaa miaka ishirini na saba. Alifariki miaka tisa iliyopita, siku ya Jumatano, alipokuwa anamalizia duara la katikati. Mechi ilichezwa Alhamisi kama ilivyopangwa. Tangu hapo, kila Jumamosi ya kwanza, mkewe alifua polepole na kungoja. Jina halikuitwa. Alijiambia kwamba orodha ni ndefu, Katibu anakaukiwa koo na kuruka kurasa. Au alijiambia kwamba mzee amechelewa tu. Hata enzi za uhai wake hakutoka mlangoni bila kurudi mara mbili kutafuta kofia. Aliomba, akaanika jezi, akaenda nyumbani.

Lakini mwaka ule alikuwa amemaliza masomo ya jioni. Alianza kujifunza kusoma akiwa na miaka hamsini na minne, amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yakikaribia kidevu, na alimshukuru Mungu kwa kila herufi, isipokuwa ile q, ambayo hakuona kazi yake. Jumatatu alibeba jezi zilizopigwa pasi hadi ofisini, akaziweka juu ya kabati la chuma, akasema:

"Katibu mwanangu, hebu nipe hilo daftari nisome."

"Lote?"

"Lote."

"Usilitie maji tu, mama."

Alifuta mikono kwenye kanga, akaketi, akasoma. Kidole kilipita chini ya kila jina. Katibu alijibu barua mbili, akanywa chai, akasinzia, akaamka, na kidole kilikuwa bado kinatembea.

"Mume wangu hayumo," alisema mwishowe.

"Hayumo wapi?"

"Humu. Nimesoma mpaka jina la kiwanda cha karatasi hapa nyuma. Hayumo."

"Aa, mama. Yule alikuwa mfanyakazi. Humu wanaandikwa wanachama."

"Miaka ishirini na saba."

"Ya kazi, ndiyo. Tena kazi nzuri, Mungu amlaze mahali pema."

"Huko mahali pema amelala vya kutosha. Nataka umwandike, aje."

Katibu alilivuta daftari upande wake, akaliwekea kiwiko juu. "Hilo liko nje ya uwezo wangu. Nenda kwa wazee."

Mama Povu aliwaendea wazee katika wakati mbaya, maana mwezi ule klabu nzima ilikuwa inawaka moto kwa swali moja: siku hizi klabu inakuwa kubwa kwa pesa au kwa asili? Upande wa pesa alikuwepo Bwana Godoro, aliyetajirika kwa kutengeneza magodoro na kununua nusu ya klabu akiwa njiani kutoka kikao kingine. Upande wa asili lilikuwepo Baraza la Wazee, likiongozwa na Mzee Filimbi, mwamuzi mstaafu ambaye hata nyumbani kwake hakunyanyua kijiko bila kwanza kutazama saa. Kila upande ulikuwa na hoja nzito. Klabu ilikuwa ya kumi na moja kwenye ligi.

Kilichowaumiza wote ni Wapya. Hiyo ilikuwa timu ya ng'ambo ya barabara kuu, yenye umri wa miaka sita, uwanja wa vioo na choo chenye muziki. Haikuwa na marehemu hata mmoja. Ilikuwa inaongoza ligi kwa pointi kumi na tatu.

Wazee walikuwa kwenye chumba cha makombe, wamezunguka kombe la fedha ambalo Mama Povu alilisugua kwa majivu kila mwezi. Walimkaribisha. Walimsikiliza nusu.

"Dada yangu," alisema Mzee Filimbi, "ukubwa wa klabu ni asili yake. Pesa hata muuza magodoro anayo. Na asili yetu inasema mfanyakazi haingii daftarini. Tukivunja hili leo, kesho tutabaki na nini?"

"Mtabaki na mistari iliyonyooka," alisema Mama Povu. "Huyu mnayemtumia sasa anachora kama kuku kapita."

"Si suala la mistari."

"Basi waulizeni wenyewe waliotunga hiyo asili. Si wapo?"

Hoja ilikuwa ngumu kuikwepa. Jumamosi ya kwanza, baada ya majina, Mzee Filimbi alipuliza filimbi yake, akaliuliza jukwaa la mashariki. Mwanachama namba moja aliinuka, akafunga kifungo cha koti.

"Mchora mistari?" alisema. "Namkumbuka. Mtu mwema, mpole. Lakini tukianza na mchora mistari, kesho atakuja mfua jezi." Alisema hivyo kwa adabu nzuri sana, akiwa amempa mgongo Mama Povu, ambaye alikuwa hatua sita nyuma yake ameshika beseni.

Marehemu mia moja na wanane walipiga makofi. Makofi yao hayana kelele nyingi, yanasikika kama mtu anakung'uta shuka chumba cha pili.

Pengine jambo lingeishia hapo. Lakini mwezi uliofuata, Katibu alipoita namba saba, hapakuwa na jibu. Akaita tena. Akaita namba kumi na nne, kimya. Namba ishirini, kimya. Watu waligeuka kutazama mbao, wakaona mapengo matatu kwenye safu, kama meno ya mtoto wa miaka saba.

Jioni hiyohiyo walionekana ng'ambo ya barabara kuu. Walikuwa wamekaa kwenye chumba cha vioo cha Wapya, kwenye viti vya kuegemea, skafu za Wapya shingoni, wameshika vikombe vya chai. Wapya walikuwa wamefungua daftari lao na kuwaandika, kwa mkataba wa misimu mitatu. Kesho yake gazeti la michezo liliandika kwa herufi kubwa: WAPYA WAPATA HISTORIA.

"Wasaliti!" Mzee Filimbi alifoka. "Namba saba ndiye aliyebuni rangi zetu!"

"Na mimi mgongo wangu uliuma miaka arobaini kwenye zile mbao," namba saba alimwambia mwandishi wa gazeti. "Asili naipenda sana. Ila pale ilikuwa na misumari."

Majina matatu yalikatwa kwa wino mwekundu, mara ya kwanza katika historia ya daftari. Bwana Godoro hakufoka. Jumatatu lilikuja lori, na lori lilishusha mito mia moja na sita, ya sponji nzito, imeandikwa jina la kiwanda pande zote mbili. Jumamosi ya kwanza iliyofuata marehemu waliiketia. Mwanachama namba moja alijirusha kidogo, akajirusha tena, akamtazama namba mbili. Siku hiyo Bwana Godoro aliomba jukwaa la mashariki lipewe jina la godoro lake linalouzwa zaidi, na mikono mia moja na sita ilinyooka juu kabla hajamaliza sentensi.

Mzee Filimbi alipinga mpaka sauti ikakauka. Kisha alimvuta Katibu pembeni, akamuuliza kama umebaki mto mmoja, wa mgongo tu, kwa sababu ya kiuno.

Mama Povu aliyaona haya yote akiwa kwenye kamba ya kuanikia. Alikuwa amebisha mlango wa asili ukafungwa. Ulibaki mlango mmoja. Aliomba asubuhi, akajikaza kisabuni, akamngoja Bwana Godoro pembeni ya uwanja, pale anaposhukia kwenye gari.

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Godoro. Alikuwa kijana wa miaka arobaini, mwenye viatu visivyopenda majani.

"Marahaba, baba. Nina neno."

Alilisema. Bwana Godoro alisikiliza mpaka mwisho bila kutazama simu, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kwanza kumsikiliza mpaka mwisho, Mama Povu alimpenda.

"Kwa hiyo mtu akiandikwa na akiitwa, anakuja?"

"Anakuja."

"Na hao wanaokuja, wanakula?"

"Hawali. Wanashika kikombe cha chai mpaka kipoe, basi."

"Wanahitaji pa kulala?"

"Daftari likifungwa wanakwenda zao."

"Wanaugua?"

Mama Povu alifikiri. "Walishaugua," alisema.

Bwana Godoro aliutazama uwanja kama mtu anayepima chumba kitaingia kitanda gani. Kisha akasema, "Mama, wewe una akili kuliko kamati yangu nzima. Daftari la wanachama sitaligusa, nisije nikagombana na wazee. Nitafungua lingine. Daftari la Wafanyakazi. Mume wako atakuwa wa kwanza."

Macho ya Mama Povu yalilowa, akayafuta kwa mkono wenye sabuni, yakalowa zaidi.

Daftari jipya lilikuwa na jalada gumu la kijani. Bwana Godoro alimkabidhi kalamu Mama Povu mwenyewe, maana Katibu hakuwakumbuka wafanyakazi wa zamani hata mmoja. Aliandika jina la mume wake lote kamili, taratibu, akalipigia mstari kwa rula. "Wengine?" aliuliza Bwana Godoro. Akamwandika mlinzi wa geti aliyekufa akiwa zamu. Akamwandika mkandaji misuli mwenye vidole vya chuma, na mpishi wa kambi, na yule mkata nyasi aliyekuwa anaimba. "Wengine?" Akamwandika Bibi Bluu, aliyefua jezi kabla yake, aliyemfundisha kuloweka, kusugua na kutia bluu ili nyeupe iwe nyeupe. Ingekuwa utovu wa shukrani kumwacha. Aliandika majina kumi na saba, na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Mwalimu wa jioni angefurahi.

Jumatatu, saa moja asubuhi, Katibu alisimama getini na daftari la kijani.

"Fundi Mstari!"

Kimya kilikuwa kirefu kidogo. Mama Povu alishika vyuma vya geti.

"Nipo," ilijibu sauti. "Nilirudi kuchukua kofia."

Alikuwa amesimama kando ya nguzo ya kona, suruali yake ya kazi na viatu vyeupe kwa chokaa. Mama Povu alimwendea, akasimama mbele yake, akamrekebisha kola.

"Umechelewa," alisema.

"Sikuitwa."

"Najua. Nimesoma."

"Wewe? Umesoma?"

"Mimi. Mpaka mwisho."

Fundi Mstari alimtazama mkewe kwa heshima mpya, kisha macho yakateleza kuelekea kona. "Nani kachora hii? Imelala kama mlevi." Na kabla hajajibiwa, alikuwa ameshachukua ndoo.

Ilikuwa saa mbili Mama Povu alipokwenda bombani kuanza kazi. Beseni lilikuwa na mtu. Bibi Bluu alikuwa ameinama, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, anainusa jezi namba nne.

"Bibi," alisema Mama Povu. "Karibu. Habari za siku nyingi?"

"Nzuri, mwanangu. Hii jezi umeisugua kwa brashi?"

"Mara moja moja."

"Brashi!" Bibi Bluu alitikisa kichwa. "Nimekaa chini ya udongo miaka yote ile nikijua nimeacha mtu. Haya sogea, unanizibia mwanga."

Mama Povu alisogea. Nyuma yake alikuwa amefika Katibu, ameshika bahasha, anatazama viatu vyake. Getini mlinzi aliye hai alikuwa amepewa bahasha kama hiyo, na jamaa wa mistari iliyolala, na mpishi, na wengine, jumla watu kumi na saba. Ilikuwa barua ya kwanza Mama Povu kupokea maishani. Aliisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno.

Ilisema klabu inamshukuru kwa mchango wake mkubwa katika kuunganisha uwekezaji na asili. Ilisema huduma zake zinakoma leo. Chini kulikuwa na sahihi mbili, ya Bwana Godoro na ya Mzee Filimbi, na ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kukubaliana jambo.

"Umeelewa, mama?" aliuliza Katibu.

"Nimeelewa. Hapa kwenye 'huduma' umesahau herufi."

Njiani kwenda nyumbani alijihesabia alichokuwa ameomba miaka tisa. Alikuwa ameomba mume wake aje. Hakuwa ameongeza neno jingine, na alikiri kwamba kosa hilo halikuwa la Mungu.

Siku hizi anafulia majirani. Saa saba mchana anakwenda uwanjani na chupa ya chai, na mlinzi wa geti, ambaye kufa hakukumwondolea roho nzuri, anamruhusu kuingia kwa nusu saa. Wanakaa juu ya ndoo mbili zilizofudikizwa. Fundi Mstari anashika kikombe mpaka kipoe, kisha mkewe anakinywa kikiwa baridi. Wanaongea habari za paa na za watoto. Juzi alimuuliza kama kazi inachosha.

"Haichoshi tena," alisema Fundi Mstari. "Hilo ndilo wamelipenda."

Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliopita, Mama Povu alisimama nje ya uzio kusikiliza mkutano. Klabu ilikuwa bado ya kumi na moja. Bwana Godoro alieleza kwamba mpango wa wafanyakazi umethibitisha kuwa pesa ndiyo inayokuza klabu, kwa sababu yeye ndiye aliyenunua daftari la kijani. Mzee Filimbi, akiwa ameegemea mto, alijibu kwamba imethibitika ni asili, kwa sababu klabu isiyo na asili ingepata wapi marehemu wazoefu namna ile? Wote wawili walipigiwa makofi. Iliamuliwa kwamba klabu ni kubwa.

Kisha Katibu alifungua daftari la zamani. Wafanyakazi kumi na saba waliacha kazi kidogo, wakasogea hadi ukingo wa uwanja, Bibi Bluu na jezi inayochuruzika mkononi. Jukwaa la mashariki liliitika, mto kwa mto, nipo, nipo, nipo, mpaka jina la mwisho. Katibu alilamba kidole, akageuza ukurasa mtupu, akaanza kufunga.

"Nipo," alisema Fundi Mstari, kwa sauti ndogo, kutoka kwenye nyasi.

Katibu hakuinua kichwa. "Kimya huko nyuma," alisema. "Tunahesabu akidi."

Fundi Mstari alivua kofia kuomba radhi. Kisha akaivaa, akachukua ndoo, akarudi kumalizia duara la katikati.